Mikono ya Fundi Abasi

Mimi sasa hivi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeona jahazi likizama na saruji yangu, nimeona mkubwa wa serikali akilia ofisini kwangu kama mtoto, nimeona mtu niliyemfundisha kazi akinishitaki kwa kazi hiyohiyo. Nina malori sita, ghala moja kwetu Moroni na jingine Mutsamudu, kisiwa cha pili, na vyote nimevipata kwa kichwa hiki, bila baba wa kuniachia urithi wala mjomba wa Ufaransa wa kunitumia fedha. Shule nimesoma mwaka mmoja na miezi. Kiswahili ninachoandikia nimekiokota Zanzibar na Dar nikinunua mbao. Wenye vyeti vyao ndio leo wananipigia hodi. Kwa hiyo mtu asije kunisimulia ajabu, nitamwambia niliiona kabla hajazaliwa.

Lakini miaka michache iliyopita, ghalani kwangu Mutsamudu, mlinzi alisahau blanketi la sufu karibu na jiko la mkaa. Halikuungua lote, pembe tu. Ninyi mnaijua harufu ya sufu ikiungua? Hainuki kama nguo. Inanuka kama kiumbe, kama kwato, kama nywele. Moshi ule uliponifikia niliketi juu ya mifuko ya saruji mbele ya vibarua wangu wote. Walidhani presha imepanda, mmoja akakimbilia maji. Presha wapi! Nilikuwa na miaka tisa, nimepanda ukuta wa jirani, Bakoko Himidi, yaani Babu Himidi, naangalia mtu akiungua.

Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Bendera mpya, kisha serikali juu ya serikali, mpaka ikaja ile ya vijana. Rais akizungumza redioni kwa lugha yetu ya nyumbani, saa nzima, na sisi watoto tukicheka maana hatukujua kwamba lugha ya jikoni inaweza kusemwa na rais. Makarani walirudishwa makwao. Makaratasi ya ofisi yao yakachomwa uwanjani, nasi tukayazunguka tukiimba. Wavulana waliokuwa bado hawajaota ndevu wakapewa bunduki na kamati, na jambo la kwanza walilopiga marufuku ni anda.

Asiye Mngazija atauliza anda ni nini. Ni harusi kubwa. Kwetu unaweza kuwa na mke, watoto wanane na mvi kichwani, kama hujafanya harusi ile kubwa ya kulisha mji mzima, kuchinja ng'ombe na kumpa mke dhahabu, basi hujaoa. Bangweni, pale uwanjani wanapokaa wanaume kwenye vibaraza vya mawe, unakaa nyuma na vijana. Ukitaka kusema, unaambiwa nyamaza. Aliyefanya anda ndiye mtu kamili: huvaa joho la sufu lenye nakshi ya nyuzi za dhahabu, hukaa mbele, na akisema mvua imenyesha, mnafungua miavuli. Baba yangu alikuwa fundi wa kuta, nusu ya nyumba za mtaa alizijenga yeye. Hakufanya anda. Nilimwona akiitwa "we kijana" na watu aliokuwa akiwazidi umri.

Serikali ya vijana ilifungua darasa katika ile ofisi iliyochomewa makaratasi yake, na mwalimu akaletwa kutoka kisiwa cha Nzuani, kijana wa Mutsamudu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Kwetu mwalimu tunamwita fundi. Fundi Abasi. Alipanga chumba cha chini kwa Bakoko Himidi, jirani yetu. Siku ya kwanza alipofungua mdomo tulikufa kwa kicheko, maana Kinzuani chake kilikuwa kinapanda pale chetu kinaposhuka. Alingoja tumalize. Hilo peke yake lilitutisha. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulikuwa tumezoea fimbo ya mkwaju. Hatukumjua fundi anayengoja.

Ubao ulikuwa mlango uliopakwa masizi. Akaandika: Bakari ni mvivu. Shamba lake limejaa magugu. Jana alilala mpaka adhuhuri.

"Nani ataniambia," akauliza, "lipi hapa ni la kuona na lipi ni la kudhani?"

"Bakari ni mvivu kweli, fundi," mmoja wetu akasema. "Mimi namjua."

"Unamjua? Mimi nimemtunga asubuhi hii nikinywa chai."

Tukacheka, yeye hakucheka. Akasema magugu ukienda shambani utayaona, kulala jirani atakuambia, lakini uvivu uko wapi, una rangi gani, nani ameushika? Labda Bakari ana homa. Labda alikesha na maiti. "Uvivu ni maoni ya mwandishi. Magugu ni ushahidi wake. Msomaji kazi yake ni kupima: ushahidi huu unayabeba maoni haya, au yanaanguka?" Maoni tulipiga mstari mmoja chini yake, ushahidi mistari miwili. Ndiyo elimu yote niliyoipata, na nawaambia, nimeitumia kwenye mikataba hata mawakili wananiogopa.

Mimi niliielewa kwa namna yangu. Nilidhani ushahidi ni kitu cha kushika mkononi. Kuku wa bibi yangu alipopotea, nilimpelekea Fundi Abasi unyoya nikamwambia nina ushahidi kwamba paka wa jirani ni mwizi.

Akaugeuzageuza. "Huu ni ushahidi kwamba kuku alikuwa na unyoya."

Darasa zima lilinicheka wiki nzima. Nikajifunza.

Mkuu wa kamati ya mtaa wetu alikuwa Nurdini, miaka kumi na saba, shati la kijani, bunduki ambayo hatukujua kama ina risasi. Alikuwa mjukuu wa Bakoko Mmadi, mzee aliyekalia kibaraza cha kwanza bangweni kabla ya vibaraza kunyang'anywa heshima. Siku moja Nurdini aliingia darasani na tangazo, akamwamuru fundi aliandike ubaoni liwe somo. Fundi akaliandika neno kwa neno: Wazee wa bangwe ni wanyonyaji. Wanavaa majoho ya dhahabu.

"Haya," akasema, vilevile kama kila siku. "Mstari mmoja wapi, miwili wapi?"

Mimi ndiye niliyenyanyua mkono. "Wanyonyaji, mstari mmoja. Joho, miwili."

"Na joho linayabeba maoni hayo?"

Nikaukumbuka unyoya wangu. "Joho ni ushahidi kwamba amevaa joho."

Watoto wakapasuka. Nurdini hakunigusa mimi. Alimpiga Fundi Abasi kitako cha bunduki mdomoni. Miwani iliruka mpaka miguuni kwangu na jino likaanguka juu ya meza, likazunguka kidogo kabla ya kutulia. Fundi akalitazama, akatema damu dirishani, akageukia ubao akapiga mstari mmoja, kisha miwili, pale nilipomwelekeza. Mistari ilinyooka. Nilifurahi. Nilidhani amenipa alama.

Baada ya hapo kamati iliagiza majoho yote yaletwe yachomwe. Wazee wengi wakatoa. Wengine wakayazika chini ya mabirika, yale matangi ya maji ya mvua. Bakoko Himidi hakutoa wala hakuzika. Alikuwa mdogo wa umbo, amepita themanini, masikio yamekufa nusu, na alikuwa na majoho matatu.

Ilikuwa baada ya alasiri. Koko, bibi yangu mzaa mama, alinituma niangue mashelisheli yaliyoinamia upande wetu wa ukuta, nami nikawa nimekaa juu ya ukuta, mguu huku mguu huko. Nurdini alikuja na wenzake watatu na dumu la mafuta ya taa. Bakoko Himidi alipowasikia, aliyavaa majoho yote matatu, moja juu ya jingine, akaingia katika jiko lake la makuti lililokuwa uani, akakaa juu ya kibao cha mbuzi. Alifanana na godoro lililokunjwa.

"Nurdini, mjukuu wa Mmadi!" akaita. "Babu yako alinishikia pindo la hili la chini siku naingia kwa mke wangu. Njoo univue mwenyewe."

"Toka, bakoko. Usinitie aibu mbele ya watu."

"Watu gani? Naona vitoto vitatu na dumu."

Wenzake wakacheka, na nadhani ni kicheko kile kilichomwua mzee. Nurdini alimwaga mafuta juu ya paa. "Toka, nachoma!"

"Choma, mwanangu. Nina baridi."

Nurdini akawasha kiberiti, akakitupa juu ya paa. Makuti yalikuwa makavu. Hayakushika moto polepole kama kuni, yalilipuka kwa mlio mmoja, na wale watatu wakakimbia hapohapo. Nurdini alibaki ameshika dumu, mdomo wazi, akisema, "Toka sasa, bakoko, toka basi, toka," sauti imekuwa nyembamba kama ya msichana. Ndani ya moto mzee alikohoa mara moja. Ndipo ile harufu ikanifikia juu ya ukuta.

Fundi Abasi alitoka chumbani kwake na chaki mfukoni. Hakusimama kutazama. Aliinama, akaingia jikoni mle kama anayeingia nyumbani kwake, na nikadhani amefuata kitu alichosahau. Alitoka amembeba mzee mbele ya kifua kama anavyobebwa bibi arusi, majoho yanawaka, nywele zake mwenyewe zinawaka, akakimbia mpaka kwenye birika la maji ya mvua akajitumbukiza pamoja naye. Maji yalilia. Alipotaka kumlaza mzee chini hakuweza kumwachia. Nyuzi za dhahabu zilikuwa zimepata moto zikashika nyama. Alivuta mkono, na ngozi ikabaki kwenye joho. Upande wa ndani wa mikono yote miwili, kuanzia kiganja hadi kiwiko, nakshi ilikuwa imechorwa: majani madogo na mkufu, majani madogo na mkufu, mekundu kama mapya kutoka kwa fundi cherehani.

Nurdini akageuka akaniona.

"We! Umeona nini?"

Nilijibu kama tulivyofundishwa, sentensi nzima. "Nimekuona umemwaga mafuta juu ya makuti na mzee akaungua."

Akanivuta mguu. Nilianguka kwa ubavu, akanipiga teke. "Umeona nini?"

Nilidhani jibu langu halijakamilika. Nikaongeza kiberiti. Akanipiga teke jingine, nikasikia mfupa ukilia ndani yangu kama ukuni mkavu. "Umeona nini, mtoto wa asiyeoa?" Nikatafuta nilichosahau, nikaongeza, "Na Fundi Abasi amemtoa." Sijui angeishia wapi kama Koko hangepanda ukuta na mchi mkononi, bibi wa umri ule, akimtukana mama yake Nurdini kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Bakoko Himidi alikufa kabla ya alfajiri. Alizikwa haraka, bila wazee kuruhusiwa kusimama mbele. Kesho yake kamati ilibandika karatasi: taa iliangushwa. Niliisoma mwenyewe, nikapiga mstari mmoja kwa kidole. Mtaa mzima ulijua kwamba mchana hakuna anayewasha taa, na mtaa mzima ulinyamaza.

Fundi Abasi aliendelea kufundisha. Mikono aliifunga vitambaa vya shuka la kitanda, sisi tukimwandikia ubaoni, na usaha ulipita kitambaani ukavuta inzi. Nilimwuliza mbona hasemi.

"Nimwambie nani? Mwenye masikio ndiye mwenye bunduki."

Kisha ikaja asubuhi ile. Askari wa kukodiwa, wazungu, walikuwa wametua pwani ya Itsandra, na kufika adhuhuri serikali ya vijana haikuwapo. Mashati ya kijani yalitupwa vyooni. Sasa zamu ikawa ya wengine. Niliona mvulana wa kamati akinyolewa kichwa kwa kipande cha chupa, damu ikimfumba macho, na wanawake aliowavua buibui wakimpigia vigelegele. Niliona mwingine akiburutwa kwa miguu mpaka barabara ya bandari, kichwa kikigonga kila jiwe. Nurdini alikuwa chini ya kitanda cha bibi yake. Sisi watoto wote tulijua. Majoho yaliyozikwa yalifukuliwa yakiwa na udongo, wazee wakayavaa hivyohivyo, wakakaa bangweni, kila mmoja mahali pake pa zamani.

Wakamleta Fundi Abasi, kamba ya usumba shingoni.

Nawaambieni nilivyofikiri mimi, mkicheka chekeni. Nilidhani ni mtihani. Wazee wamekaa mbele, fundi amesimama katikati, watu wamejipanga. Nilidhani sasa ndipo tutakapoulizwa yote aliyotufundisha, na jibu ninalo. Nikajipenyeza mpaka mbele nikakaa nimekunja miguu vizuri.

Bakoko Mmadi, babu yake Nurdini, ndiye aliyesema. "Huyu si wa hapa. Ameletwa na wale. Amekula wali wa Himidi, amelala kwa Himidi, amemchoma Himidi. Mnataka ushahidi? Tazameni mikono yake. Anayechezea moto huungua."

Watu wakatazama vitambaa, wakanguruma.

"Fungueni," Fundi Abasi akasema. "Nawaomba kwa Mungu, fungueni vitambaa mtazame nimeungua upande gani."

Hakuna aliyesogea. Mimi nikanyanyua mkono. Ndiyo, nilinyanyua mkono kama darasani, kidole juu, nikingoja kuchaguliwa. Sikuchaguliwa. Nikasimama.

"Si yeye! Ni upande wa ndani! Alimbeba, nakshi ya joho imo ndani ya mikono, aliyechoma ni Nurdini!"

Kofi lilitoka sijui kwa nani, nikaona nyota mchana. Baba akasimama kule nyuma kwenye vijana. Sikuwahi kumwona akisimama bangweni.

"Mwanangu alikuwa ukutani," akasema. "Aliona. Mna hasara gani mkifungua kitambaa?"

"Nani amempa huyu ruhusa?" Bakoko Mmadi aliuliza, bila hata kumgeukia.

"Nimeomba tu, mzee."

"Kijana, umeoa?"

Kicheko kikapita kibaraza hadi kibaraza. Baba yangu, mwenye watoto wanne na mvi, alisimama pale mikono ikining'inia, na nikaona shingo yake ikiinama kidogo kidogo mpaka akakaa. Nimepigwa mengi maishani. Lile ndilo lililonipiga.

Wakaanza. Walitumia bakora, walitumia mchi, mmoja alitumia jiwe la kuvunjia kungu. Wengi walikuwa baba wa wavulana wa kamati, na sasa naelewa kwamba kila mmoja alikuwa anampiga mwanawe kwa mgongo wa mwingine. Siku ile nilielewa kitu kimoja tu, kwamba jibu lilikuwa sahihi na mwalimu anapigwa. Walimwekea mikono juu ya ukingo wa kibaraza wakamponda vidole, ili asichome tena, walisema. Alipiga kelele ya kwanza kwa Kinzuani, na kuna mtu aliyeiga lafudhi yake, watu wakacheka. Vitambaa vililowa vyekundu, na hata hapo hakuna aliyevifungua. Kisha wakamvuta hadi bandari ya zamani, wakamtupa ndani ya mashua ya mizigo iliyokuwa ikienda Nzuani. Kibaraza kikaoshwa kwa ndoo. Kufika magharibi watu walikuwa wamekikalia.

Shule ikafungwa, ikafunguliwa na walimu wengine, mimi sikurudi. Nilibeba mifuko, nikauza chupa, nikauza mabati, nikapanda. Nilijiapia kwamba sitafanya anda, hata nikiwa tajiri namna gani, sitawalisha waliomcheka baba yangu. Na nilitajirika, na nilikataa, na walinisema sana. Mjomba wangu alikuwa akija kila mwaka kunibembeleza, namrudisha na mfuko wa mchele.

Mpaka siku ile ya blanketi. Nilipopata pumzi niliwauliza vibarua wa Mutsamudu kama wanamjua mwalimu wa zamani, Abasi.

"Yule aliyemchoma mzee Moroni? Yuko Patsy, kijiji cha juu mlimani."

Miaka zaidi ya thelathini, na hivyo ndivyo walivyomjua hata kwao. Nilipanda gari saa hiyohiyo.

Nilimkuta anaanika karafuu kwa viganja, maana vidole havikufunga tena. Akaziacha karafuu, akainua uso.

"Wewe ni yule wa unyoya."

"Ndiye mimi, fundi. Sasa nina malori sita."

"Mashallah. Na kusoma?"

"Nasoma mikataba."

"Mistari mingapi?"

"Karibu yote mmoja, fundi."

Akacheka kwa pengo lake. Kisha akaniambia, bila uchungu, kwamba msikitini Patsy wanaswali naye bega kwa bega lakini tangu arudi hajawahi kuombwa asimame mbele aswalishe. Hata siku imamu alipougua, walimtanguliza kijana asiyejua kusoma sawasawa. "Nimezeeka," akasema. "Ningependa nikifa nisomewe kama Abasi. Maneno yametoka bangweni kwenu. Hapa hawawezi kuyafuta."

"Nitayafuta mimi. Kesho nasimama nasema."

"Umeoa?"

"Nina wake wawili, fundi, na watoto saba."

"Umeoa?" akarudia taratibu.

Mnzuani yule alikuwa ameijua mila yetu kwa mifupa yake.

Basi nikaoa. Nilimfanyia anda mke wangu mkubwa, ambaye alilia kwa furaha siku nzima maana alikuwa amekata tamaa. Miaka mitatu ya ng'ombe, mchele, dhahabu, ngoma, bahasha kwa kila rika la mtaa. Niliwalisha wote, waliocheka na watoto wa waliocheka. Baba alikuwa amekwisha kufa. Siku nilipovishwa joho na kukaribishwa kibaraza cha mbele, nilikuwa nimemtumia Fundi Abasi tiketi ya ndege, naye alikaa pembeni yangu, kanzu imepigwa pasi, mikono ya kanzu haikufungwa vifungo.

Bakoko Mmadi alikufa zamani. Aliyekalia mahali pake alikuwa Nurdini, ndevu zimetiwa hina, tasbihi mkononi, na begani joho lenye majani madogo na mkufu.

Nilipewa ruhusa ya kusema. Nikasimama.

"Aliyemchoma Bakoko Himidi si Fundi Abasi. Nilikuwa ukutani, nilimwona akimtoa motoni. Ushahidi anao mwilini, na nitawaambia nani aliyechoma."

Nurdini aliinua mkono wenye tasbihi. Uso wake haukubadilika hata kidogo. "Mtu kamili amesema. Akisema si yeye, basi si yeye. Wazee wetu walikosea, Mungu awarehemu wao na Bakoko Himidi. Jambo limekwisha. Al-Fatiha."

"Ngojeni! Tazameni mikono kwanza!"

Fundi Abasi alikuwa ameshakunja kanzu. Alinyoosha mikono mbele yao, upande wa ndani juu, na nakshi ilikuwapo, nyeupe sasa, imekauka, jani kwa jani ileile aliyoivaa Nurdini begani. Lakini kila mwanaume pale alikuwa ameinua viganja vyake mwenyewe na kufumba macho. Nikalitaja jina. Amina yao ikalimeza.

Watu wakainuka kwenda kwenye wali, wakimpa Fundi Abasi mkono mmoja baada ya mwingine, wakimwita mzee wetu, mgeni wetu. Imamu wa Ijumaa alimwomba aswalishe alasiri. Alikubali. Kabla ya kwenda kutia udhu alibaki nami kibarazani, akishusha kanzu juu ya makovu.

"Wamesema si mimi?"

"Wamesema, fundi."

"Kwa ushahidi gani?"

Akanyoosha vidole vyake visivyofunga, akagusa nyuzi za dhahabu kwenye pindo langu, akazifuata mpaka begani.

"Hili, kiasi gani?"

"Si joho peke yake. Anda nzima."

"Kiasi gani, mwanangu?"

Nikamwambia: faranga milioni kumi na nane, laki saba na elfu arobaini na tano.